Kabla hujafowadi hilo jina, kutana na Parnell

Unajua ile hali. Usiku umeingia, simu inalia mfululizo. Kwenye grupu kuna mtu ametupa faili la kurasa mia na kitu, limejaa majina ya wakubwa. Hakuna aliyelisoma. Lakini kabla chai yako ipoe, skrinishoti imeshazunguka mji mzima, jina moja limezungushiwa rangi nyekundu. Ukiwa kama mimi, kidole kiko tayari kufowadi.

Ngoja kidogo. Hebu kwanza nikupeleke London ya miaka ya 1880.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Charles Stewart Parnell. Alizaliwa tarehe 27 Juni 1846 huko Avondale, Ayalandi, enzi ambazo nchi hiyo ilitawaliwa kutoka London. Kwao walikuwa mabwenyenye, wenye mashamba makubwa. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, akasimamishwa masomo mwaka wa 1869 baada ya fujo za barabarani, na hakurudi kuchukua digrii. Sisi tuliochomoka chuo tunampigia saluti.

Mwaka wa 1875 akaingia Bungeni. Huyu mtoto wa mabwenyenye akasimama na wapangaji maskini waliokuwa wakifukuzwa mashambani kwa kukosa kodi. Mwaka wa 1879 akawa rais wa Land League, muungano wa kutetea wapangaji. Mwaka uliofuata aliwaambia watu wamtenge yeyote atakayechukua shamba la jirani aliyefukuzwa. Msimamizi mmoja wa mashamba, Kapteni Boycott, alitengwa hadi jina lake likawa neno la Kiingereza la kususia. Serikali ikamfunga Parnell katika jela ya Kilmainham mnamo Oktoba 1881, ikamwachilia Mei 1882.

Siku chache tu baada ya kutoka, tarehe 6 Mei, wakubwa wawili wa serikali, Lord Frederick Cavendish na Thomas Burke, waliuawa kwa visu katika bustani ya Phoenix, Dublin. Parnell alilaani mauaji hayo hadharani.

Sasa shika hapo. Tarehe 18 Aprili 1887, gazeti la The Times, gazeti lililoheshimiwa kuliko yote Uingereza, lilichapisha picha ya barua yenye sahihi ya Parnell. Ndani yake, anayedaiwa kuwa Parnell anaomba radhi kwa kulaani mauaji, na kusema Burke alistahili. Siku hiyo hiyo Bunge lilikuwa linapiga kura kuhusu sheria kali ya kuwabana Waayalandi. Parnell alisimama Bungeni akasema barua ni ya kughushi. Wengi hawakumwamini. Si imeandikwa? Si kuna sahihi?

Kumbe maswali ya kawaida kabisa hayakuulizwa. Barua zilikuwa zimeletwa na kijana anaitwa Houston, katibu wa kikundi kilichompinga Parnell kisiasa. Meneja wa gazeti hakumbana aseme amezitoa wapi. Maneno ya barua yenyewe hayakuwa kwa mwandiko wa Parnell, sahihi pekee ndiyo ilidaiwa kuwa yake. Na hakuna aliyemwendea Parnell kumuuliza kabla ya kuchapisha. Barua iliwapa walichotaka kuamini, basi ikatosha.

Mwaka wa 1888 iliundwa Tume Maalum ya majaji watatu. Februari 1889 akapanda kizimbani Richard Pigott, mwanahabari wa Dublin aliyefilisika, ambaye ndiye aliyemuuzia Houston barua hizo. Wakili wa Parnell, Charles Russell, alimpa karatasi na kumwomba aandike maneno fulani tu. Moja lilikuwa neno la Kiingereza la kusitasita. Pigott akalikosea, akaweka 'e' mahali pa 'a'. Kosa hilo hilo lilikuwa katika mojawapo ya barua. Herufi moja, buda! Pigott akakiri, akatorokea Madrid, na polisi walipomfikia akajiua kwa bastola. The Times lililipa Parnell fidia ya pauni 5,000, na gharama zake za kesi zilikuwa kubwa zaidi ya hapo kwa mbali. Parnell aliporudi Bungeni, wabunge walisimama kumshangilia.

Ningeweza kukomea hapo, uende nyumbani ukijua kwamba wakubwa husingiziwa. Lakini hadithi haijaisha.

Desemba 1889, Kapteni William O'Shea, mbunge mwenzake wa zamani, aliwasilisha kesi ya talaka, akimtaja Parnell kuwa na uhusiano na mkewe, Katharine. Wafuasi wengi wakasema ni njama nyingine tu, ni Pigott namba mbili. Safari hii haikuwa njama. Uhusiano ulikuwepo kwa miaka, na watoto walikuwepo. Kesi ilipoamuliwa Novemba 1890, Parnell hakujitetea. Chama chake kikagawanyika, wabunge wengi wakamhama. Alimuoa Katharine Juni 1891, na tarehe 6 Oktoba mwaka huo akafa akiwa na miaka 45.

Umeona mtego? Waliosema lazima ni kweli kwa sababu imeandikwa walikosea mwaka wa 1887. Waliosema lazima ni uongo kwa sababu waliwahi kumsingizia walikosea mwaka wa 1890. Mtu ni yule yule, lakini kila karatasi ilihitaji kupimwa peke yake.

Kwa hivyo faili likivuja kesho, na litavuja, usiulize tu nani yumo. Uliza yumo kwa sababu gani: ameshtakiwa, ametajwa na shahidi, au ni namba yake ya simu tu? Nani alitoa karatasi hizi, na anafaidika na nini? Aliyetajwa ameulizwa? Mwanahabari anayefanya kazi yake atakujibu maswali hayo ndani ya habari yenyewe. Asipokujibu, shika simu yako hapo hapo. Na mtu wako unayempenda akitajwa, maswali ni yale yale. Hapo ndipo pagumu.