Tippu Tip na nyanya wa kutunga

Wanaofanya kazi ku mashimo wanajua: shimo likianza kutoa, ndugu wanaongezeka. Mutu ambaye hamukumuonaka hata siku moja anafika, anamutaja muzee wenu kwa jina, anasema yeye ni mujukuu wa hapa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine jina alilisikia tu njiani. Tippu Tip, ambaye jina lake halijasahauliwa mu Maniema yetu, aliupata ufalme wake kwa mulango ule ule.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar, mu miaka ya 1830. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mufanya biashara ku Tabora. Mama yake alikuwa binti ya Habib bin Bushir, Mwarabu. Mushike jina hilo la Habib, litarudi.

Akiwa kijana alianza safari za kutafuta pembe za tembo. Mwaka 1867 akamushinda mufalme Nsama, kusini ya ziwa Tanganyika, na mali ikawa nyingi. Wengine wanasema waliita Tippu Tip sawa mulio wa bunduki zake, wengine wanasema ni juu ya macho yake yaliyopepesa-pepesa.

Mwanzo wa miaka ya 1870, akitoka Urua, akaelekea kwa Watetela, ngambo ya magaribi ya Lualaba. Mbele ya kufika akapata habari moja. Mufalme wa kule, muzee Kasongo Rushie, alikuwaka na dada wawili. Walikamatwa mu vita zamani, wakapelekwa mbali, hawakurudi tena. Mutu mwengine angesikia na kupita njia yake. Yeye aliuliza majina ya wale wanawake, akayaweka kichwani.

Alipofika akasema hivi: Habib, baba ya mama yake, alifika zamani Urua, akanunua mwanamuke, na mwanamuke yule njo alimuzaa mama yake. Kisha akataja jina la mumoja wa wale dada.

Muzee akaamini. Alikuwa amezeeka, na damu ya dada yake, alivyofikiri, ilikuwa imerudi nyumbani. Akamuachia mugeni kiti cha ufalme. Toka wakati ule pembe zikaanza kupelekwa kwa Tippu Tip, maana sasa yeye njo alikuwa mwenye inchi.

Tunajua namna gani? Yeye mwenyewe alieleza. Mu uzee wake aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na herufi za Kiarabu, na Mujerumani mumoja, Heinrich Brode, akayachapisha. Mule anasema kwanza namna alivyosikia habari ya wale dada, kisha namna alivyowaambia watu habari ya nyanya wake. Musomaji anajionea mwenyewe habari ya pili ilitoka wapi.

Kisha akavuka kuja Kasongo, ambako ndugu yake Muhammed bin Said, Bwana Nzige, alikuwa amekaa. Kasongo ikakuwa muji mukubwa wa Waungwana, na Kabambare ikawa kituo cha misafara ku njia ya Ujiji. Mu 1876 Stanley akamukuta huku. Mu 1887 mufalme Leopold wa Ubelgiji akamuweka kuwa mukubwa wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mushahara wa paundi 30 kwa mwezi. Mwanzo wa miaka ya 1890 akarudi Zanzibar. Hakurudi tena.

Alimuacha Kasongo mutoto wake, Sefu. Lakini nyumba yake ilikuwa na mwengine aliyejiona mukubwa: Ngongo Lutete, aliyeanza mu utumwa, akapanda mpaka kuwa mukubwa wa vita ku Lomami. Sefu alikuwa mutoto wa damu. Ngongo alikuwa mutoto wa kazi. Mu 1892 Ngongo alishindwa na waaskari wa Dhanis, Mubelgiji, akageuka upande wao. Sefu akataka arudishiwe mutu wake. Wakakataa. Vita ikaanza.

Wabelgiji wawili waliokaa Kasongo, Lippens na De Bruyne, wakauawa Desemba 1892. Kasongo ikaanguka tarehe 22 Aprili 1893. Ngongo, aliyewapatia Wabelgiji ushindi, akapigwa risasi na Wabelgiji wale wale ku Ngandu, Septemba 1893, kwa kusingiziwa kwamba anawasaliti. Sefu akafa kwa vita mwisho wa mwaka ule. Januari 1894 Kabambare nayo ikakamatwa. Mutoto wa damu na mutoto wa kazi, wote wawili walimaliza mu mwaka mumoja, na baba alikuwa mbali, Zanzibar.

Hata kule hakupata amani. Rumaliza, waliyefanya naye biashara miaka mingi, akamushitaki juu ya mali. Tippu Tip akafa Juni 1905.

Watu wanamuhesabia bunduki na pembe. Lakini ufalme wa Utetela aliupata kwa maneno, juu alijua kidonda cha jamaa moja: dada waliokamatwa na hawakurudi. Na kidonda kile, misafara yake mwenyewe ilikitia mu nyumba nyingi kati ya Kasongo na Kabambare. Kuna jamaa za kwetu ambamo nyanya muzaa nyanya alifika na kamba shingoni, akaolewa, akazaa, na jina la kwao halitajwi mezani. Nyanya wa kutunga alimupa mugeni kiti cha ufalme. Wale wa kweli hata hawakuulizwa walitoka kijiji gani. Kama kwenu kuna muzee ambaye bado anajua, mumuulize leo, mbele hajalala.