Riemann: Msee wa Vipande Aliyekufa na Miaka 39

Leo hakuna udaku wa mastaa. Leo ni Bernhard Riemann, yule aliyekutoa jasho kwenye kalkulasi. Usiogope, mimi mwenyewe chuo niliachia njiani.

Alizaliwa 1826 kijijini Breselenz, Ujerumani, mtoto wa pasta, nyumba ya watoto sita na mfuko uliotoboka. Alikuwa na haya mbaya, kuongea mbele ya watu kwake ni adhabu. 1846 akaingia Göttingen kusomea dini, lakini moyo uko kwa hesabu. Hakuhepa kimyakimya: aliomba ruhusa kwa mzee, na mzee akakubali. (Wangapi wetu tulifanya hivyo?)

Sasa shika hapa. Panda mathree Likoni uende Ukunda. Kila dakika soma spidi, zidisha kwa muda, jumlisha. Umepata umbali, ila wa kukisia, maana dere hukanyaga na kufunga breki ndani ya dakika hiyohiyo. Soma kila sekunde, kosa linapungua. Vipande vikizidi kuwa vyembamba, jumla inasogelea namba moja tu. Hiyo ndiyo integrali.

Jaribu: gawa 0 hadi 1 vipande n, kila kimoja upana 1/n, urefu (k/n)². Jumlisha vipande 10, unapata 0.385. Vipande 100, 0.33835. Vipande 1000, 0.3338. Inaelekea theluthi moja, ambayo ni integrali ya x² toka 0 hadi 1. Kwa hivyo ile jumla ndefu ya mtihani, 1/n ifanye dx, k/n ifanye x, mchezo kwisha.

Mfaransa Cauchy alishapita njia hii, lakini kwa mistari isiyokatika. 1854 Riemann akauliza: na ukirukaruka je? Akaweka sharti: chagua pointi yoyote ndani ya kila kipande, jumla lazima ielekee namba ileile. Aliandika hayo kwenye kazi ya kuombea kibali cha kufundisha chuo, halafu ikakaa tu, bila kuchapishwa.

Uprofesa kamili aliupata 1859. 1862 akamuoa Elise Koch, na mwaka huohuo kifua kikaanza, TB. Akawa anafuata joto la Italia, binti yao akazaliwa Pisa. 20 Julai 1866 akafia Selasca, kando ya Ziwa Maggiore. Ile kazi ya 1854 ilichapishwa baadaye na rafiki yake, Dedekind.