Maisha ya Bwana Alphonse Desjardins, Adui wa Riba

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wamekwisha kueleza habari za maghala, za mizani na za bei ya kahawa. Sisi tumeombwa kuandika maisha ya mtu mmoja aliyeutumikia ushirika. Tumemchagua mtu ambaye hakuwa mkulima, wala hakuwa tajiri, wala hakupata kufika Afrika. Tumemchagua kwa sababu aliitazama dhiki ile ile ambayo wanachama wetu wengi waijua: deni lisilokwisha.

Alphonse Desjardins alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 katika mji mdogo wa Lévis, nchini Kanada, ng'ambo ya mto mkubwa wa St. Lawrence ukiutazama mji wa Québec. Watu wa huko husema Kifaransa. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo, na mama yake alilazimika kufanya kazi kwa majirani ili watoto wapate kula. Kijana alisoma hata akafika umri wa miaka 16 hivi, akaacha masomo, akaingia kazi ya kuandika katika magazeti. Baadaye akawa mchapishaji wa majadiliano ya Baraza la kutunga sheria la Québec, mpaka serikali ilipokata fedha za kazi hiyo mwaka 1889. Mwaka 1891 alianzisha gazeti lake mwenyewe, nalo likafa baada ya miezi michache tu. Mwaka 1892 alipata kazi ya karani wa kuandika hotuba za Kifaransa katika Bunge la Kanada, mjini Ottawa.

Kazi ya karani wa namna hiyo ni kusikiliza na kuandika, basi. Hapaswi kupendezwa wala kuchukizwa. Lakini mwezi Aprili 1897 mbunge mmoja alisimama akaeleza habari za mtu wa Montréal aliyekopa dola 150, kisha akahukumiwa kulipa riba ya dola 5,000. Ndugu wanachama, fanyeni hesabu: ni zaidi ya mara 33 ya fedha aliyoipokea mkononi. Wabunge walisikia, wakaenda kwao. Karani aliyeandika hakuweza kuyasahau maneno hayo.

Hapa yafaa tuseme jinsi mtego huu unavyotegwa, maana haukuwa wa Kanada peke yake. Mwenye riba ya kutisha kama yule wa Montréal huonekana mara chache. Aliye wengi ni mwenye duka. Mtu wa kipato kidogo hana fedha taslimu leo, naye anahitaji unga, chumvi, sabuni na mafuta ya taa leo. Mwenye duka humpa, akaandika katika daftari. Bei ya daftari si bei ya fedha taslimu. Ile nyongeza ndiyo riba, ila haiitwi kwa jina lake. Kisha mwenye deni hawezi tena kununua penye bei nafuu, kwa kuwa amefungwa na daftari. Mshahara ukifika, au mavuno yakifika, humalizika katika kulipa, na siku ya pili anaanza kukopa upya. Sisi tunaoandika habari hizi tulikuwa tukitumwa dukani tungali wadogo, na daftari lenye jina la baba yetu tulilijua kwa jalada lake. Baba hakujua kusoma. Siku tulipojifunza kujumlisha shuleni, tulijumlisha ukurasa mmoja mbele ya mwenye duka, tukapata jumla ndogo kuliko yake. Tukafukuzwa, na baba akaenda kuomba radhi kwa niaba yetu, kwa sababu mahindi yalikuwa bado shambani na chakula kilikuwa kimekwisha nyumbani. Wakulima wa kahawa nao wanaijua butura, yaani kuiuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Na siku hizi kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameibandika jina la kausha damu.

Bwana Desjardins hakukurupuka. Alikwenda katika maktaba ya Bunge, akakuta kitabu cha Mwingereza Henry William Wolff juu ya benki za watu wa kawaida huko Ulaya. Akamwandikia barua, naye Wolff akamjulisha kwa wanaushirika wa Italia, Ufaransa na kwingineko. Kwa muda wa miaka mitatu alisoma na kuandika barua, akiuliza mambo madogo madogo ambayo sisi makatibu twayajua: nani atunze kitabu, nani akague, mtu akishindwa kulipa afanywe nini.

Tarehe 6 Desemba 1900 watu zaidi ya 100 wa Lévis walikutana wakaanzisha Caisse populaire, maana yake hazina ya watu. Hisa moja ilikuwa dola 5, na mwanachama aliweza kuilipa kwa senti 10 kila juma, hata ikatimia kwa majuma 50. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, tarehe 23 Januari 1901, zilipatikana dola 26 na senti 40. Mtu wa kwanza aliweka senti 10.

Wako waliocheka. Lakini taratibu zake zilikuwa kali kuliko zilivyoonekana. Hazina ilikuwa ya mtaa mmoja wa kanisa, ili wanachama wajuane tabia. Kila mtu alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au nyingi. Mwombaji wa mkopo alitakiwa kueleza fedha ni ya kazi gani, na uaminifu wake ulipimwa kabla ya mali yake. Na wale waliokaa katika halmashauri ya kuamua mikopo hawakuruhusiwa kukopa wao wenyewe. Kanuni hiyo ya mwisho tunaipenda mno, ingawa twajua si kila mjumbe wa bodi atakayefurahi kuisoma hapa.

Ofisi ilikuwa nyumbani kwake, na hapa lazima tumtaje mkewe, Bibi Dorimène. Bunge lilipokutana, mume alikaa Ottawa miezi mingi. Mke ndiye aliyepokea senti, akatoa mikopo iliyokubaliwa, akaandika vitabu, pamoja na kulea watoto. Hakulipwa mshahara. Zaidi ya hayo, hakukuwa na sheria yoyote ya kuutambua ushirika wa namna ile. Kama fedha za watu zingepotea, mwenye kudaiwa angekuwa Desjardins mwenyewe, pamoja na nyumba na kila kilichomo. Wawili hao waliishi na hofu hiyo zaidi ya miaka mitano, wakiwa na watoto nyumbani. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ushujaa wake, nayo haikuwa yake peke yake.

Mwezi Machi 1906 Baraza la Québec lilipitisha sheria ya ushirika, mzigo ukapungua. Alitaka sheria kama hiyo kwa Kanada nzima. Bunge likakubali, lakini chama cha wenye maduka ya rejareja kikapinga kwa nguvu, na mwaka 1908 Seneti ikaukataa mswada kwa tofauti ya kura moja. Wenye maduka waliona vizuri kilichokuwa kikiondoka mikononi mwao.

Mwaka huo huo alialikwa Manchester, New Hampshire, nchini Marekani, akasaidia kuanzisha chama cha kwanza cha akiba na mikopo cha nchi ile. Kutoka Marekani na Kanada utaratibu ulienea duniani, na SACCOS zetu ni wajukuu zake. Kwao mwenyewe alisafiri parokia hata parokia akianzisha hazina, mara nyingi kwa msaada wa mapadre, mpaka maradhi yalipomlaza. Hata kitandani aliendelea kujibu barua za makatibu wa vijijini.

Alikufa Lévis tarehe 31 Oktoba 1920, karibu atimize miaka 66. Hazina zilikuwa zimepita 150. Bibi Dorimène aliendelea kuulizwa shauri na viongozi wa hazina hizo hata alipofariki mwaka 1932. Nyumba yao ingali imesimama mjini Lévis, imegeuzwa kuwa makumbusho, na wageni huonyeshwa mahali palipokuwa ofisi ile ya kwanza.