François Villon na Lugha ya Siri ya Wezi wa Ufaransa

François Villon ni miongoni mwa watunzi wa Ulaya ambao habari za maisha yao zimehifadhiwa zaidi katika majalada ya mahakama. Alizaliwa mjini Paris yapata mwaka 1431, katika ukoo wa Montcorbier. Alilelewa na padri Guillaume de Villon wa kanisa la Saint-Benoît, ambaye alimsomesha na ambaye jina lake alilichukua. Chuo Kikuu cha Paris kilimtunukia shahada ya kwanza mwaka 1449 na ya uzamili mwaka 1452.

Usomi huo haukumwepusha na mashaka. Mwezi Juni 1455 alimjeruhi padri mmoja katika ugomvi, naye padri akafa. Msamaha wa mfalme ulitolewa Januari 1456. Wakati wa Krismasi mwaka huohuo alishiriki katika wizi wa vipande vya dhahabu vipatavyo 500 katika Chuo cha Navarre, pamoja na Colin de Cayeux, bingwa wa kufungua makufuli. Baada ya hapo aliihama Paris akawa mtu wa kutangatanga.

Mwaka 1455, mjini Dijon, mwendesha mashtaka Jean Rabustel alikuwa amewafungulia kesi Coquillards, genge la wezi na walaghai. Jina lao linatokana na kombe la pwani, alama ya mahujaji wa Santiago de Compostela. Kwa msaada wa ushahidi wa kinyozi aliyezoeana nao, Rabustel aliandika orodha ya maneno yao pamoja na maana zake. Orodha hiyo inadhihirisha muundo wa lugha yenyewe: sarufi ni ya Kifaransa cha kawaida, na kinachobadilika ni msamiati, hasa kwa njia ya sitiari. Mkata vifuko vya fedha aliitwa mvunaji wa zabibu, na vyombo vya sheria viliitwa gurudumu. Hivyo basi, aliyetengwa na usemi huo aliweza kuyasikia maneno aliyoyajua tangu utotoni, na bado asielewe kinachopangwa dhidi yake.

Villon alitunga kwa lugha hiyohiyo. Chapa ya kwanza ya tungo zake, iliyotolewa na Pierre Levet mwaka 1489, ina tungo sita za namna hiyo. Nyingine tano zimo katika muswada uliohifadhiwa Stockholm, ingawa wahakiki hawakubaliani kama zote ni zake. Clément Marot, alipohariri kazi zake mwaka 1533, aliziacha tungo hizo kwa kuwa hakuzielewa.

Suala linalozuka ni iwapo umilisi wa lugha ya siri ni ushahidi wa uanachama. Kwa upande mmoja, Villon aliwataja Coquillards waziwazi na kuwaonya juu ya kitanzi. Rafiki zake wawili, Regnier de Montigny na Colin de Cayeux, walinyongwa mwaka 1457 na 1460. Kwa upande mwingine, hakuna hati inayomtaja yeye kuwa mmoja wao, na wanafunzi walikunywa katika vilabu vilevile walimokunywa wezi. Lugha inathibitisha kwamba mtu aliishi karibu na wasemaji wake. Haithibitishi kwamba alitenda waliyoyatenda.

Mwaka 1461 Villon alifungwa Meung-sur-Loire kwa amri ya askofu wa Orléans, akafunguliwa Mfalme Louis wa 11 alipopita mjini humo. Ndipo alipotunga Wosia wake wenye mishororo zaidi ya 2,000. Mwishoni mwa 1462 alihukumiwa kunyongwa kutokana na rabsha nyingine. Tarehe 5 Januari 1463 mahakama kuu iliitengua adhabu hiyo na kumfukuza Paris kwa miaka kumi. Baada ya siku hizo hakuna hati inayomtaja tena.

Wasemaji wa lugha hiyo hawakuacha maandishi ya kuieleza. Inajulikana leo kwa sababu ya mwendesha mashtaka na mhalifu: Rabustel aliyeyaandika maneno yake ili wasemaji wapatikane na hatia, na Villon aliyeyatumia kuwasihi wasikamatwe.