Harvey na Hesabu ya Damu

Mwanafunzi yeyote wa sekondari atakueleza bila kusita kwamba damu huzunguka mwilini. Ni wachache, hata hivyo, wanaojua jinsi jambo hilo lilivyothibitishwa. Ndiyo maana nimeonelea nimkumbuke William Harvey, ijapokuwa taaluma yangu ni isimu wala si tiba.

Harvey alizaliwa Folkestone, Uingereza, mwaka 1578. Baada ya masomo ya Cambridge alikwenda Padua, Italia, akahitimu udaktari mwaka 1602. Mwalimu wake huko, Fabricius, alikuwa amezichunguza vali zilizomo ndani ya vena, akadhani kazi yake ni kuzuia damu isijae miguuni na mikononi. Zama hizo waganga walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa kale: kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, nayo damu hutumika mwilini ikaisha.

Mafundisho hayo yalikuwa yamedumu karne 14 hivi. Harvey hakuyapinga kwa ufasaha wa maneno bali kwa hesabu. Alikadiria damu inayosukumwa kila moyo unapopiga, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa. Jumla ilizidi damu yote ya mwili, wala hapakuwa na chakula ambacho kingeizalisha kwa muda huo. Basi damu ni ile ile, huenda na kurudi. Tena alifunga mkono kwa utepe, akaonyesha kwamba vali huiruhusu damu ya vena kuelekea moyoni tu. Kitabu chake kilichapishwa Frankfurt mwaka 1628.

John Aubrey, aliyemfahamu, ameandika kwamba baada ya hapo wagonjwa wa Harvey walipungua, watu wakimdhania ana wazimu. Isitoshe, palibaki pengo: damu huvukaje kutoka ateri hadi vena? Harvey alifariki mwaka 1657 kabla ya kuiona njia hiyo. Mwaka 1661 Malpighi, Mwitaliano, alizigundua kapilari kwa hadubini katika mapafu ya chura.

Walimu wenzangu, mitihani yetu aghalabu humtuza anayekariri jibu. Ningependekeza somo hili lianze na hesabu. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma lita 5 hivi kwa dakika. Wanafunzi wazidishe kwa dakika 60, kisha waulizwe lita zote hizo zimetoka wapi. Atakayelijibu swali hilo mwenyewe hatahitaji kukaririshwa.