Muyaka bin Haji na Mafumbo ya Mvita

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776. Kazi yake ilikuwa biashara, lakini kilichomvumisha pwani nzima ni ulimi wake. Tungo nyingi za Kiswahili zilizohifadhiwa kabla yake zilikuwa tenzi za dini. Yeye aliuteremsha ushairi barazani na sokoni, akatunga juu ya mapenzi, njaa, safari za baharini na siasa, kwa shairi la mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja.

Ustadi wake ulidhihirika zaidi katika fumbo. Mtunzi alilificha jambo ndani ya maneno ya kila siku, akawatupia wenzake, nao wakalifumbua kwa beti zao wenyewe. Jibu lisilo na vina halikuwa jibu. Muyaka alilichezea hata neno dogo kama oa, ambalo katika lugha ya washairi lilikuwa na maana ya kufunga ndoa na pia ya kutazama. Asiyekuwa makini aliambulia maana moja tu, akachekwa.

Mchezo huo ulikuwa na makali yake. Wamazrui waliotawala Mombasa walikuwa na uhasama na Lamu, na katika vita vya Shela, mnamo 1812 hivi, majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya. Washairi nao walipigana kwa beti. Upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi. Muyaka aliwatetea Wamazrui, na hakuwaacha mkono. Seyyid Said alipouangusha utawala wao mwaka wa 1837, malenga huyu alibaki mjini mwa mshindi hadi alipofariki mwaka wa 1840.

Hapo ndipo tungo zake zilipoingia hatarini, kwani fumbo humtegemea anayelijua tukio lake. Bahati njema, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikuwa amezihifadhi nyingi kichwani. Alimsaidia mmisionari William Taylor kuziandika, pamoja na visa vilivyozizaa. William Hichens alizichapisha mwaka wa 1940, na Mohamed Abdulaziz akazichambua kwa kina katika kitabu cha mwaka wa 1979. Hata hivyo, zimesalia beti ambazo maneno yake yote yanaeleweka, ila anayesemwa hajulikani.