Haldane na Siri ya Damu Yetu

Namwomba msomaji aniwie radhi nikimzungumzia leo Mwingereza J.B.S. Haldane, kwa maana habari zake zinawahusu watu wa Nyanza na Pwani kuliko zinavyowahusu wenziwe wa Oxford, alikozaliwa mwaka wa 1892.

Baba yake, mtaalamu wa upumuaji, alimfanya mwanawe chombo cha majaribio tangu utotoni, akimshusha migodini avute hewa mbaya ili ijulikane humdhuru mtu vipi. Mwana alipokua akajifanyia vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba hakuwa na shahada yoyote ya sayansi! Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajeruhiwa, kisha akafundisha Cambridge na London. Kwa miaka kadhaa alikuwa mkomunisti, jambo lililomletea maadui wengi, na kwa maoni yangu ukaidi uo huo ndio uliomfaa kazini.

Zama hizo wataalamu walikuwa wakiistaajabia thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi yaliyoenea kandokando ya bahari ya Mediterania. Jeni inayoua watoto kabla hawajazaa ingepaswa kutoweka, mbona ilidumu? Wengine walidai kwamba ilikuwa ikizuka upya kila mara. Haldane alikataa. Katika maandishi yaliyotoka mwaka wa 1949, alikisia kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huenda analindwa dhidi ya malaria. Mwaka huo huo aliandika pia kwamba maradhi ya kuambukiza yamechangia kuyachonga maumbile ya viumbe, na kwamba mwenye kemia ya mwili iliyo adimu hunufaika, kwani kijidudu huwa kimekwisha kujizoeza kuwashambulia walio wengi.

Ushahidi wa kukata maneno ulitoka kwetu. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akaona kuwa jeni inayozipa chembe za damu umbo la mundu imejaa Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, penye malaria, nayo ni haba nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alieleza kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Hivyo basi, wakwe wanaomsingizia mke uchawi ama laana wanamwonea bure, kwa kuwa mtoto mgonjwa amepokea jeni hiyo kwa baba pia. Tena yamkini baba huyo mwenyewe alinusurika malaria utotoni kwa sababu yake.

Lile wazo la pili, la faida ya kuwa tofauti, lilipata nguvu baadaye. Mwaka wa 1991 Adrian Hill na wenzake walionyesha nchini Gambia kwamba aina moja ya jeni za kinga, HLA-B53, huwapunguzia watoto hatari ya malaria kali. Jeni za ukoo huo huwasaidia askari wa mwili kumtambua adui, nazo ndizo zinazotofautiana mno baina ya mtu na mtu.

Haldane hakuyaona hayo. Alihamia India mwaka wa 1957, akawa raia wa huko, akafa kwa saratani mjini Bhubaneswar tarehe 1 Desemba 1964. Maiti yake, kwa agizo lake mwenyewe, ilipelekwa katika chuo cha udaktari ili wanafunzi wajifunzie.